Naomba: mwaka wangu wa kuosha miguu njia ya Pangani

Neno la kwanza nililosahihishwa Tanga ni "nipe."

Nilikuwa nimetoka Mombasa alfajiri, nikavuka mpaka pale Lunga Lunga na Horohoro, na basi liliponishusha stendi koo lilikuwa limenikauka. Nikasogea kibandani nikamwambia mama aliyekuwa akiuza vinywaji, "Nipe maji baridi." Hakukasirika. Alinisalimu kwanza. "Hujambo, mwanangu?" Sijambo. "Watoka Kenya?" Ndiyo. "Basi huku twaomba. Sema, naomba maji." Nikasema. Akanipa chupa, na chenji akanihesabia kiganjani noti moja moja, kwa kuwa aliona fedha za Tanzania bado zinanichanganya.

Siku ile nililichukua kama jambo la lafudhi tu, kwamba Mkenya husema hivi na Mtanzania husema vile. Ilinichukua zaidi ya nusu mwaka, na kosa ambalo hadi leo linaniuma, kuelewa kuwa yule mama alinipa somo lote la utumishi kabla sijafika kwenye kituo changu.

Hiyo ilikuwa Februari 2014. Nilikuwa na miaka 26, nina cheti cha afya ya jamii, na nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili kwenye zahanati ya nyumbani kwetu milimani, Wundanyi. Sisi Wataita tulipokea Injili kwa wageni waliojenga kituo Sagalla mwaka 1883, na mchungaji wetu alikuwa na usemi wake kwamba aliyeletewa naye apeleke. Wakatafuta kijana wa kuvuka mpaka kwa kujitolea, mwaka mmoja na miezi minne, bila mshahara, chakula na nauli tu. Nikainua mkono. Nilibeba begi moja la nguo, mashine ya kupima presha, katoni mbili za Agano Jipya na vipeperushi, na daftari la taarifa lenye safu tatu nilizochorewa na kamati: nyumba nilizotembelea, watu niliowahubiria, watu waliookoka.

Kijiji sitakitaja. Ni kidogo na watu wake wanajuana. Kiko kusini mwa Tanga mjini, ukishapita Tongoni kwenye magofu ya ule msikiti wa kale, njia ya Pangani, ambayo wakati huo ilikuwa ya vumbi. Upande wa bara mkonge umepangwa mistari hadi macho yachoke, upande wa bahari minazi na mihogo. Karibu watu wote ni Waislamu. Wakristo ni kaya chache, wengi wajukuu wa manamba walioletwa zamani kukata mkonge wakabaki. Kanisa lao lina kuta za udongo na bati juu. Nilifikia kwa mwinjilisti na mkewe, ambaye nilimwita Mama tangu siku ya kwanza.

Asubuhi iliyofuata mwinjilisti alinipeleka kwa mtendaji wa kijiji, kisha kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa imamu. Kote tulikaa barazani, tukasalimiana kirefu, tukaulizana habari za mvua na za njiani, ndipo akasema, "Nimemleta mgeni wenu." Mimi niliona tunapoteza siku. Njiani kurudi akaniambia kwamba hata Krapf, yule mmisionari Mjerumani, mwaka 1848, alipanda hadi Vuga kumwona Kimweri, mfalme wa Wasambaa, akaomba ruhusa ya kufundisha katika nchi yake. "Alikuwa amekwisha kuzika mke na mtoto Mombasa," mwinjilisti akasema, "mtu aliyetoa kiasi hicho angeweza kuona anadaiwa nchi. Lakini alipiga hodi." Nilimsikiliza kama mtu anayesimuliwa historia.

Wiki za mwanzo nilizunguka na vipeperushi. Sikufukuzwa hata mlango mmoja. Nilipewa kigoda, nilipewa uji wa muhogo, msimu wa madafu nilipasuliwa dafu. Watu walinisikiliza hadi mwisho wakasema, "Tumesikia, mwanangu, ahsante." Safu mbili za daftari zikajaa. Mama alinitazama nikiandika usiku kwa tochi, akaniambia, "Hapa hakuna atakayekufukuza barazani kwake. Ni aibu kwake yeye mwenye nyumba. Usidhani ndiyo kukubali."

Kazi yenyewe ilinijia kwa upande mwingine. Nesi wa zahanati aliomba nimsaidie wiki ya kingatiba, ile dawa ya matende na mabusha iliyokuwa ikigawiwa kijiji kizima mara moja kwa mwaka. Tulipita nyumba kwa nyumba na mgawa dawa na ile fito yenye alama, kwa maana vidonge vya ivermectin huhesabiwa kwa urefu wa mtu, na cha albendazole ni kimoja kwa kila mtu. Wajawazito na watoto wadogo tuliwaruka. Kuna waliomeza mbele yetu, kuna waliosema watameza wakishakula, na kuna vijana waliotuambia wazi wanaogopa dawa hiyo itawakata uzazi. Wazee kadhaa walinieleza kwa uhakika kabisa kwamba busha huletwa na kunywa madafu mengi.

Nyumba moja ilikuwa imefungwa nusu mlango. Binti wa darasa la sita akatoka akasema, "Bibi amesema hataki dawa." Kutoka ndani sauti ikaongeza: "Nimemeza miaka yote. Mguu ndio huu."

Alikuwa na haki ya kusema vile, na hakuna aliyewahi kukaa naye akamweleza. Matende huletwa na minyoo wembamba kama nyuzi ambao mbu huwahamisha kutoka mtu hadi mtu. Minyoo wakubwa hukaa miaka katika mishipa ya limfu, ile inayonyonya maji ya mwilini na kuyarudisha kwenye damu. Mishipa ikishaharibika maji hutuama mguuni, au kwa wanaume kwenye korodani, ndiyo mabusha. Watoto wa minyoo hao hutembea kwenye damu usiku, saa ambazo mbu wanauma, na ndiyo maana wazee wa pale walikumbuka wapimaji waliokuja na taa saa nne, saa tano za usiku kuwatoboa vidole. Kingatiba huua hao watoto, hivyo mbu wanakosa cha kubeba, na mjukuu anaweza kukua bila kuambukizwa. Lakini mguu uliokwisha kuvimba haupungui kwa kumeza vidonge. Tulikuwa tunampelekea Bibi dawa ya wajukuu zake tukimwacha adhani ni yake, kisha tunamwandika kuwa amekataa.

Nesi alinifundisha kinachomfaa mtu kama yeye. Mguu wa matende mara kwa mara hushikwa na mtoki: tezi za kinenani zinauma, mguu unakuwa moto na mwekundu, homa inamlaza mtu siku tatu hadi wiki nzima. Watu hudhani ni minyoo wameamka, au mtu kategewa kitu njiani akakikanyaga. Kumbe mara nyingi ni bakteria walioingia kupitia mipasuko midogo baina ya vidole, ambako fangasi wamekwisha kulainisha ngozi. Kila mtoki ukipita huuacha mguu mnene zaidi ya jana. Na huo mtoki unazuilika kwa sabuni, maji na kitambaa kikavu. Niliposikia mara ya kwanza sikuamini kwamba ugonjwa wa kutisha hivi unaweza kutulizwa na mche wa sabuni.

Nilirudi kwa Bibi mara nne kabla hajanikubalia. Mara ya nne alikuwa anasuka ukili. Akasema bila kuinua macho, "Basi lete hiyo sabuni yako tuone."

Nitaeleza jinsi tulivyofanya, kwa sababu huenda msomaji ana mama yake anayeficha mguu chini ya kanga. Maji yawe safi na ya baridi, au yaliyochemshwa yakapoa. Ya moto hapana. Kisima cha pale kilikuwa na munyu, kwa hiyo tulinunua ndoo moja ya maji ya bomba yasiyo na munyu. Sabuni ya kawaida, isiyo na manukato makali. Unaanzia gotini unashuka, kwa kiganja, bila dodoki wala brashi, kwa maana ngozi ile ni rahisi kuchubuka na mchubuko ndio mlango wa ugonjwa. Kila kunjo linafunguliwa linaoshwa ndani. Kisha baina ya vidole, kimoja kimoja. Unasuuza hadi maji yawe meupe kama yalivyoingia. Halafu kukausha, na hapo ndipo wengi hukosea: unagusisha kitambaa bila kusugua, na baina ya vidole unapitisha kipande chembamba cha kanga kuukuu hadi pawe pakavu kabisa. Penye fangasi panapakwa dawa. Mwisho mguu unainuliwa, mchana kwenye kigoda kilicho sawa na kiuno, usiku kwa kuweka tofali chini ya kitanda upande wa miguuni. Na kifundo kichezwe juu na chini mara nyingi kwa siku, isipokuwa mtoki ukiwepo. Mtoki ukija ni kupumzika, kitambaa cha maji baridi, na zahanati.

Siku ile ya kwanza ilichukua karibu saa nzima. Harufu ilikuwa kali na Bibi aligeuza uso ukutani muda wote. Nilipomaliza baina ya vidole akasema polepole, "Hapo hapajaguswa na mtu tangu marehemu mume wangu."

Habari ikaenea, na siku chache baadaye imamu akaniita. Nilikwenda na mwinjilisti. Mzee alitukaribisha kahawa, akaniuliza moja kwa moja: "Unaosha hii miguu ili waje kanisani?"

Nilikuwa na jibu la adabu tayari, likanikwama. Nikamwambia kwamba nilikuja nikitamani watu wamjue Yesu, na bado natamani, siwezi kusema uongo mbele yake. Lakini mguu wa yule Bibi nitauosha hata asipotia mguu kanisani maisha yake yote.

Alikaa kimya akizungusha kikombe. "Basi osha," akasema. "Ila nikuombe jambo moja. Ukitaka kuhubiri, hubiri umesimama. Usihubiri umeshika mguu wa mtu. Aliyeshikwa mguu hawezi kuondoka."

Katika mafunzo yote niliyopata kabla na baada ya safari ile, sijasikia neno zito kuliko hilo. Lilinihukumu, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupanga nitasema nini Bibi akiwa na mguu kwenye beseni.

Yeye ndiye aliyenipa pia lugha ya kufundishia. Alisema waumini wake hutawadha mara tano kwa siku na hupitisha maji baina ya vidole vya miguu, kwa nini basi wenye matende wanaugua hapo hapo? Tukazungumza tukagundua: wengi wenye mguu mbaya walikuwa wameacha kwenda msikitini kwa aibu ya harufu, na waliotawadha hawakukausha. Ijumaa iliyofuata alilisema mwenyewe baada ya swala. Usiku nikafungua Biblia yangu, Yohana sura ya 13, niliyoisoma tangu utotoni, na kwa mara ya kwanza nikaliona neno walilochagua wafasiri wa Union Version: Yesu alitia maji bakulini akaanza *kuwatawadha* wanafunzi miguu. Neno ni lile lile. Nilipomwonyesha mwinjilisti akacheka kwa furaha, akasema Kiswahili kimetutangulia.

Kufikia Juni walikuwa wanane. Wanaume walioshwa na mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamume mwenzao, maana haikuwa sawa mimi kushika mguu wa mume wa mtu. Kwake yeye ndiko waliko­fungua siri za mabusha, na wawili wakakubali kwenda kupasuliwa hospitali. Mmoja wao alikuwa hajalala chumba kimoja na mkewe kwa miaka sita.

Sasa kosa langu.

Safu ya tatu ya daftari ilikuwa tupu mwezi wa nne mfululizo. Kamati nyumbani haikunilaumu, ila ilisema wanaochangia wanahitaji kuona kazi. Leteni picha. Alasiri moja Bibi alikuwa amesinzia kwenye kiti, mguu umo kwenye beseni, mjukuu amekwenda dukani. Nilitoa simu nikaupiga mguu. Uso sikuupiga, nilijiambia kwamba kwa kuuacha uso nimemstahi. Nikaituma pamoja na maombi marefu. Wakaiweka Facebook kwenye ukurasa wa kikundi.

Michango ilikuja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba picha ilifanya kazi. Ilinunua sabuni ya miezi mitatu, mabeseni sita na mafuta ya fangasi. Nilimshukuru Mungu kwa machozi.

Mpwa wa Bibi alikuwa akifanya kazi Likoni, kule Mombasa. Sijui ilimfikiaje, lakini aliitambua kanga. Alimnunulia yeye mwenyewe Idd iliyotangulia, yenye jina *Mgeni njoo mwenyeji apone*, na pindo lake lilionekana lote pale juu ya goti. Akapiga simu.

Nilifika asubuhi na ndoo yangu. Bibi alinijibu salamu, akaniambia, "Leo mguu umelala." Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu yule binti alinisindikiza hadi kwenye mnazi wa njiani akaniambia kilichotokea, akarudi mbio.

Nilitaka kukimbilia kwake saa ile ile nikaanguke miguuni. Mama alinizuia. Alisema kuomba radhi huku hakuendwi peke yako. Ukienda peke yako unamlazimisha mwenye uchungu akujibu papo kwa papo. Anatangulia mtu mzima kuuliza kama utapokewa. Akaenda yeye. Bibi akasema tuje baada ya magharibi, kesho kutwa. Siku hizo mbili sikula vizuri. Niliwapigia kamati waiondoe picha, wakaiondoa, ingawa mmoja aliniuliza kwa mshangao, "Mbona uso hauonekani?" Ndilo swali nililokuwa nimejiuliza mimi na kujijibu, kwa hiyo sikuweza kumkasirikia.

Bibi alitukaribisha ndani, taa ya chemli katikati. Nilisema nilichokuja kusema. Alisikiliza, kisha akasema, na maneno haya nayakumbuka yote:

"Mwanangu, uso ungeutaka ningekupa. Ningevaa, ningejipaka wanja. Wewe umechukua mguu. Huu nimeuficha miaka kumi na tisa. Shughuli za ndugu zangu siendi kwa ajili yake. Nilikuonyesha wewe, sikuonyesha Kenya. Na hukuomba."

Mama akaniinamisha kichwa kwa mkono wake, kama mtoto. Nikasema naomba radhi. Bibi akasema amenisamehe. Halafu akaongeza: "Lakini mguu sasa atauosha mjukuu wangu. Wewe kaa pale umwelekeze."

Niliipokea kama adhabu. Nilikaa kwenye mkeka hatua tatu kutoka kwenye beseni, mikono mapajani, nikimwelekeza mtoto wa darasa la sita: shuka polepole, fungua kunjo, kausha tena hapo. Wiki ya pili hakunihitaji. Wiki ya tatu alikuwa na daftari lake la hesabu, ameandika nyuma tarehe, na mbele ya kila tarehe alama kama bibi yake ana mtoki au hana. Alijua mambo ambayo mimi sikuwahi kuyaona, kwamba kidole cha mwisho kinalowa tena baada ya saa moja, kwamba bibi yake hulala ubavu akautoa mguu kwenye mto. Mimi nilikuwa nakuja asubuhi na kuondoka. Yeye alikuwa analala naye chumba kimoja.

Niliangalia wale saba wengine nikaona nilivyokosea tangu mwanzo. Nilikuwa nimejenga kazi iliyosimama juu ya viganja vyangu, na kibali changu cha kuishi, cha daraja C kama cha wamisionari wote, kilikuwa na tarehe ya mwisho. Nikaenda nyumba kwa nyumba, safari hii na neno la yule mama wa stendi mdomoni: naomba mtu mmoja wa humu ndani nimwonyeshe. Baadhi walikataa. Kwenye nyumba moja mkwe alisema wazi hawezi kushika mguu wa mavyaa wake, na nikamheshimu; tukamtafuta jirani. Ilikuwa polepole kuliko kuosha mwenyewe, na kwa wiki kadhaa miguu miwili ilirudi nyuma. Nilivumilia kwa shida.

Fundi viatu wa pale alituchongea katambuga pana za tairi zenye mkanda wa mbele unaofunguka, ili mguu usichubuke wala usikanyage miba. Bibi alizivaa Oktoba kwenda kwenye harusi ya binti wa dada yake. Alikaa mkekani na wenzake tangu alasiri hadi ngoma ilipoanza. Mguu ulikuwa bado mnene; asikudanganye mtu kwamba sabuni huurudisha kama ulivyokuwa. Ila ngozi ilikuwa laini, harufu hakuna, na katika daftari la mjukuu hapakuwa na mtoki tangu mwisho wa Agosti.

Katika mwaka ule nilikwenda Dar es Salaam kwa shughuli ya kibali, na kurudi nikapitia Bagamoyo. Nilitembea kwenye eneo la misheni ya Wakatoliki iliyoanza 1868, nikasimama makaburini walikozikwa mapadri na masista, wengi wakiwa vijana waliouawa na homa. Niliguswa sana. Walikomboa watumwa, wakawajengea kijiji, wakafa. Lakini kutokana na yaliyonipata nilijikuta nawafikiria zaidi wale watoto waliokombolewa, waliopewa jina jipya, ratiba mpya na Mungu mpya kwa siku moja. Wema wa waliowanunua sina shaka nao. Nilisimama pale nikiwaombea wote, waliotoa na waliopewa, na nikatamani kujua watoto wale wangesema nini kama wangeulizwa.

Hakuna aliyebatizwa kutokana na kazi yangu. Nimeulizwa hilo makanisani mara nyingi, na najibu hivyo hivyo. Taarifa ya mwisho niliandika bila safu. Niliandika barua ya kurasa nne, na wazee wa kamati waliisoma mbele ya kanisa bila kuipunguza, nami nawashukuru. Imani yangu haikupungua. Nasali zaidi sasa kuliko nilipoondoka. Wiki ya mwisho Bibi aliniambia, "Niombee kwa namna yenu, nisikie." Mguu ulikuwa kwenye kigoda, umekaushwa, mjukuu amemaliza. Nikasimama, nikarudi nyuma hatua mbili, nikaomba kwa jina la Yesu. Akaitikia amina. Nilipomwamkia shikamoo ya kuaga, akanishika mkono: "Unajua maana yake? Nashika miguu. Wengine wanasema tu."

Niliporudi nyumbani, Juni 2015, kanisa lilinipangia kuzungumza kwenye tawi letu la Taveta, kule bondeni ambako kuna joto, maji ya mabwawa na mbu. Nilikuwa nimehudhuria ibada pale zaidi ya mara kumi kabla ya kwenda Tanga. Nilipokuwa nasimulia, macho yakaangukia benchi la nyuma karibu na mlango, kwa mzee mmoja aliyevaa suruali pana iliyokatwa mshono wa mguu mmoja na kushonewa kitambaa cha ziada. Alikuwa akikaa pale siku zote. Nilimkumbuka vizuri, na nilikumbuka kwamba hutoka kabla ya baraka ya mwisho.

Sikumkimbilia. Nilimwuliza mchungaji ni nani mtu mzima wa karibu naye, nikaelekezwa kwa dada yake, na dada yake akaniambia nisubiri. Baada ya majuma mawili nikapelekwa. Tulikaa chini ya mwembe, tukazungumza habari za mahindi na za soko. Kisha nikasema, "Mzee, nina jambo nimejifunza ugenini kuhusu mguu kama wako. Naomba ruhusa yako nikueleze. Ukikataa nitakunywa chai nitaondoka, na sitalisema kwa mtu."

Alinyamaza muda mrefu. Dada yake akajifanya anaokota kuni.

"Njoo Jumamosi," akasema. "Wajukuu hawaendi shule. Nao waone."